Maneno ya Mama, Toleo la Sebuleni

Daktari alipotamka neno "hongereni", Kiduchu alidhani anaongea na watu wengine. Aligeuka kutazama nyuma. Kulikuwa na ukuta mweupe na sinki la kunawia mikono, basi.

"Nasema na nyinyi," Daktari alisema, furaha ya kweli ikiwa imemjaa usoni. "Miezi mitatu tu, na mama anaomba maji kwa sentensi nzima. Nina wagonjwa wa mwaka mzima hawajafika hapo."

Alikuwa tabibu wa usemi, si daktari wa sindano, lakini pale kliniki kila mtu alimwita Daktari na yeye alikwisha kuchoka kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia maneno watu walionyang'anywa maneno na kiharusi. Mbele yake ilikuwa laptopu ya Kiduchu, na kwa dakika ishirini alikuwa amesoma folda iliyoitwa Maneno ya Mama: kumbukumbu moja kwa kila siku, tisini kwa jumla, za kila sauti iliyotoka kinywani mwa Mama nyumbani.

Mama mwenyewe alikaa katikati, binti huku na mume kule, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoshikishwa. Daktari alikuwa amemwonyesha picha za kikombe, ufunguo na kiatu. Mama alitazama dirisha.

"Leo ananinyima tu," Daktari alisema. "Nyumbani anamwaga maneno, hapa ananifungia duka. Si neno, ndiyo maana tunaomba kumbukumbu za nyumbani. Sasa, nafasi zangu ni kumi na mbili, na nje kuna foleni ya watu wasioweza hata kutaja majina ya watoto wao. Anayefikia sentensi anampisha mwenzake. Jina la mama nalitoa leo. Orodha mpya inabandikwa saa kumi."

Kiduchu aliivuta laptopu upande wake.

*Tarehe 3. Mama ameomba maji. Amesema: "Naomba maji ya baridi, tafadhali."*

Tafadhali. Mama, hata alipokuwa mzima wa afya, hakuwahi kumwambia mtu tafadhali ndani ya nyumba ile. Na Kiduchu aliikumbuka tarehe tatu. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, laptopu juu ya godoro, akaandika: Mama amesema "ma" mara nne, akionyesha kikombe. Mara ya tano amelia.

Akafungua tarehe tano, akafungua tarehe tisa. Shikamoo za wageni, habari za asubuhi, "asante mwanangu". Zilikuwa kumbukumbu za mgonjwa mwenye adabu, anayepona vizuri, asiyelia hata siku moja.

Alimtazama baba yake. Baba alikuwa akichunguza kofia yake kwa ndani, kana kwamba kuna mtu ameandika kitu humo.

Watu wawili tu duniani walikuwa na njia ya kuifikia folda ile, na mmoja wao alikuwa yeye. Alifungua mdomo, akaona jicho la Mama limehama kutoka dirishani na kutua kwake, akaufunga. Hakutaka Mama asikie, mbele ya mgeni, kwamba mumewe amekuwa akimsemea.

"Daktari, usibandike hiyo orodha," alisema. "Nitarudi kabla ya saa kumi."

"Kuna nini, binti?"

"Nitarudi."

* * *

Njia nzima hakumwambia baba yake neno. Baba alijaribu mara moja, kwenye taa za barabarani, kusema kwamba jua ni kali. Kiduchu alisema, "Ndiyo, Baba," kwa sauti ambayo ingeweza kukata kioo, na mzee akarudi kwenye kofia yake.

Majirani walimwita Karani, ingawa alistaafu zamani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa kwenye masjala ya idara moja, chumba kisicho na dirisha, akitoa mafaili na kuyapokea. Kule kulikuwa na kanuni moja aliyoishika kama sala: faili moja, mahali pamoja. Likitoka rafuni, kadi inakaa mahali pake. Mtu akikutwa na nakala ya pili mezani kwake, alijieleza kwa maandishi.

Kiduchu, ambaye jina hilo lilimganda tangu utotoni na sasa alikuwa na kimo cha mlango, alikuwa na mwaka mmoja tu tangu amalize chuo. Alifanya kazi maabara ya maji, akipima sampuli. Aliamini mambo machache kwa moyo wake wote, na moja lilikuwa kwamba ukiandika ukweli wote, kidogo kidogo, kila siku, bila kuruka, lazima mwishowe utamsaidia mtu. Ndiyo maana alianzisha ile folda. Yeye angeandika asubuhi kwenye laptopu, kabla ya kazi. Baba, aliyebaki na Mama mchana, angeandika kwenye kompyuta ya mezani, pale sebuleni. Programu ingesawazisha, na kila mashine ingeonyesha kile ambacho nyingine inacho. Alimfundisha baba yake kwa dakika kumi, viatu vya kazini vikiwa tayari miguuni. Bonyeza hapa, andika hapa, usiguse kingine.

Hakurudi kusoma ya nyuma, na miezi mitatu aliamini kwamba Baba haandiki kitu. Hakumlaumu. Alidhani ni uzee.

Shangazi aliwapokea mlangoni, akamshika Mama kiwiko. "Wifi yangu, njoo ulale. Mbona hawa wamenuna kama waliogombea kiti?"

Alimpeleka Mama chumbani, na Kiduchu akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani, akakitoa kitambaa cha kufumwa ambacho Baba aliifunikia kila alipomaliza kuitumia. Laptopu ilibeba toleo la mwisho tu. Lakini hii ya mezani aliipanga mwenyewe itunze kila toleo la kale, pamoja na saa na jina la mashine iliyoandika. Aliipa jina SEBULENI. Laptopu aliipa jina KIDUCHU.

Akafungua historia ya tarehe tatu.

*KIDUCHU, saa moja asubuhi. SEBULENI, saa nne asubuhi.*

Tarehe tano: SEBULENI, saa nne. Tarehe sita, saa nne. Kila mara saa nne, wakati yeye yuko maabara na Mama ameketi kwenye kiti chake, mzee huyu alikunja mikono ya shati, akaketi hapa, akafanya kazi.

"Baba, keti."

"Nimesimama vizuri."

"Keti, Baba."

Karani aliketi kwenye ukingo wa kochi.

"Hii umeandika wewe?"

"Nilisahihisha."

"Nini kilikuwa na kosa?"

"Lugha," Baba alisema. "Maandishi yalikuwa makavu. Mtu wa nje akisoma, atamwonaje mama yako?"

"Atamwona alivyo!" Kiduchu alisema, kisha akakumbuka mlango wa chumbani, akaishusha sauti, na hasira iliyoshushwa ikawa mbaya kuliko ile ya mwanzo. "Nimeandika 'ma' mara nne. Wewe umeandika maji ya baridi, tafadhali. Baridi umeitoa wapi? Hata kama ungetia chumvi, si ungetia kidogo?"

"Mama yako anapenda maji ya baridi."

"Simuulizi mtu anachopenda. Nauliza alichosema."

Baba alikuna goti. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nimepitisha ripoti za watumishi miaka thelathini na mmoja. Sijaona hata mmoja aliyepandishwa cheo kwa ripoti mbaya. Mkubwa anaangalia karatasi. Karatasi ikisema huyu mvivu, huyu hawezi, anasema mwondoeni. Nikaona unavyoandika, leo hakuna kitu, leo amelia, leo 'ba' mara kumi na moja. Nikasema huyu mtoto anamfukuzisha mama yake kliniki."

Kiduchu alimkodolea macho. Alitaka kucheka na hakikutoka kicheko.

"Kule ni kinyume, Baba. Kule nafasi anapewa asiyeweza. Umeandika vizuri mpaka umemwondoa."

Ilichukua muda kidogo kumfikia. Kiduchu aliona inavyomfikia, kwanza kwenye macho, kisha kwenye mikono, ambayo iliacha kuchezea kofia.

"Hukuniambia," Baba alisema polepole.

"Ningejuaje kama ninahitaji kukuambia usidanganye?"

"Hukuniambia wanachagua vipi. Ulinionyesha mahali pa kubonyeza, ukaenda kazini."

Kombora hilo lilimpata pale pale, na kwa sababu lilikuwa la kweli lilimkasirisha zaidi. Alirudi kwenye kioo cha kompyuta ili asimtazame.

"Na zile nakala? Ukiandika wewe huku na mimi kule kabla mashine hazijasawazishana, programu haichagui. Inaziacha zote mbili, moja inaiandika 'nakala yenye mgongano'. Zilitakiwa zijae humu. Ningeziona. Ziko wapi?"

"Nilizifuta kila jioni, kabla hujarudi."

"Ulifuta zangu."

"Faili moja haliwezi kuwa na nakala mbili zinazopingana," Baba alisema, na kwa mara ya kwanza mgongo wake ulinyooka. "Hiyo ni kesi. Masjala yangu haikuwahi kuwa na kitu cha namna hiyo."

"Masjala yako haikuwahi kuwa na faili lililoghushiwa pia. Au ilikuwa nalo?"

Mzee aliinama kama aliyepigwa begani. Kiduchu alijua amegusa mahali ambapo hapaguswi. Hakuomba radhi. Angeomba siku nyingine. Leo hakuwa na nafasi nayo.

Shangazi alichungulia kutoka ukumbini. "Karani, kumbe mashine imekutaja? Ndugu yangu, hata sisi dada zako tulikuwa hatukukamati hivi."

"Shangazi, tafadhali," Kiduchu alisema.

"Natania. Wifi kalala." Alimtazama kaka yake, akaona uso wake, akarudi alikotoka bila utani mwingine.

Kiduchu alianza kurudisha matoleo ya kale, moja moja. Ilikuwa kazi ya kuchosha: fungua tarehe, fungua historia, soma, linganisha, rudisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro. Alipofika tarehe kumi na moja ya mwezi wa kwanza, Baba alisema nyuma yake, "Hiyo sikuigusa. Ruka."

Alisita. "Kumi na mbili?"

"Nimegusa. Mstari wa pili."

"Kumi na tatu?"

"Yote."

Alikuwa anazikumbuka zote, kama alivyokumbuka zamani faili gani liko rafu gani. Wakaenda hivyo, binti akitaja tarehe na baba akikiri, bila kutazamana, na kazi ikawa ya haraka. Kila toleo lililorudi lilirudi na kile Kiduchu alichokiandika, na sasa alilazimika kukisoma upya. Amesema "ba". Amesema "ba". Ametaka kusema kitu, ameacha. Ametupa kijiko. Amelia. Hakuna.

"Unayaona?" Baba alisema, walipokuwa wamefika mwezi wa pili. "Ndivyo nilivyokuwa nafungua hapa kila asubuhi. Mimi huyu mtu nimeishi naye miaka thelathini na mitano. Alikuwa akinikaripia kwa sentensi ambazo nilikuwa naweza kwenda kuoga na kurudi hajafika mwisho. Halafu nafungua, nakuta 'ba'. Nikawa namwandikia anachotaka kusema. Nilikuwa najua anachotaka kusema."

"Labda ulijua."

"Nilijua."

"Basi ungeandika ya kwako pembeni, kwa jina lako. Usingefuta yake." Kiduchu aliigusa 'ba' moja kwenye kioo kwa kidole. "Hiyo 'ba' ilikuwa yake, Baba. Aliifanyia kazi asubuhi nzima. Jasho lilimtoka. Wewe ukaiona ni aibu, ukaifutilia mbali."

Baba hakusema kitu baada ya hapo, isipokuwa "nimegusa" na "sikugusa". Walifika mwisho saa nane na nusu. Kumbukumbu hamsini na nane zilikuwa zimebadilishwa, kati ya tisini. Kiduchu alifungua laptopu kando ya kompyuta ya mezani na kusubiri mpaka mashine zote mbili ziseme kitu kimoja.

"Utakuja nami," alisema. "Utamwambia mwenyewe."

"Nitakuja," Karani alisema. Alienda kubadilisha shati.

* * *

Daktari alisimama alipokuwa akisikiliza. Baba naye alisimama, mikono nyuma, na kueleza kwa mpangilio, kuanzia tarehe ya kwanza, bila kujitetea na bila kumtaja binti yake. Kiduchu, pamoja na hasira zake zote, aliona kwamba hivi ndivyo watu walivyokuwa wakijieleza mbele ya Baba kule masjala, na kwamba alikuwa amejifunza kwao.

Alipomaliza, Daktari alivua miwani.

"Mzee wangu, saa nne na nusu leo, nyinyi mmetoka tu, nilimpigia simu mama mmoja. Nikamwambia aje Jumatatu. Alilia kwenye simu kwa furaha. Sasa unataka nifanye nini? Nimpigie nimwambie asije?"

"Hapana," Baba alisema.

"Kwa sababu sitampigia." Daktari alikuwa amekasirika kweli, na Kiduchu, kwa namna ya ajabu, alipata nafuu kuona kuna mtu mwingine wa kuibeba hasira hiyo. "Nilikuwa nimefurahi, unajua? Nilisema kazi yangu inafanya kazi. Nilikwishawaeleza wenzangu. Kumbe nilikuwa nasoma hadithi yako."

Alivuta laptopu na kuanza kusoma zile za kweli. Alisoma kwa muda mrefu. Mahali fulani alichukua kalamu na kuanza kuandika pembeni.

"Hii 'ba'," alisema, bila kuinua kichwa. "Mwezi wa kwanza anaitamka akiwa hana kitu mkononi. Mwezi wa tatu anaitamka akimwangalia mtu. Ni nani anayekuwepo?"

"Mara nyingi ni mimi," Kiduchu alisema. "Au Baba."

"Haya ndiyo niliyokuwa nayahitaji. Hizo tafadhali na asante zingeniambia nini?" Alikaa. Alifikiri. "Jumatatu na Ijumaa zimekwenda, ni za yule mama. Jumatano naibakiza kwa mama yenu. Mara moja kwa wiki, si mara tatu, na mwezi ujao nitaangalia tena. Zaidi ya hapo sina. Na kuanzia leo kila mstari uwe na jina la aliyesikia."

Mara moja kwa wiki. Kiduchu alihesabu kwa haraka ni saa ngapi za Mama zilizokuwa zimepotea kwa ajili ya neno tafadhali, akaacha kuhesabu, kwa sababu alihisi atasema kitu ambacho hakitarudi mdomoni.

"Ahsante, Daktari," alisema.

Walikuwa wamefika mlangoni Baba aliposema, "Ile ya tarehe kumi na nne mwezi uliopita tumeirudisha kimakosa."

"Ipi?"

"Umeandika 'hakuna'. Mimi niliandika alisema 'njoo'. Nilikuambia nimegusa, na kweli niligusa. Lakini alisema. Aliniita, nikaenda."

Kiduchu aligeuka. "Baba, usianze."

"Alisema."

"Na mimi nitajuaje? Hamsini na nane, Baba. Unanipa hamsini na saba za uongo na moja ya kweli, na unataka niitambue kwa macho."

Baba alimtazama Daktari. Daktari alitikisa kichwa, si kwa ukali. "Siwezi kuihesabu, mzee wangu. Nisamehe."

Nje kulikuwa na benchi la chuma chini ya ubao wa matangazo. Karani aliketi hapo kama mtu aliyeambiwa asubiri kuitwa. Ndani, mfanyakazi mmoja alikuwa akitoka na orodha na pini nne mkononi. Kiduchu alisimama juu ya baba yake, mkoba begani, na alitaka sana kwenda zake na kumwacha pale mpaka atakapojua mwenyewe njia ya kurudi nyumbani.

Aliketi. Akafungua laptopu, akatafuta tarehe kumi na nne, na chini ya neno "hakuna" akaandika: Baba anasema Mama alisema "njoo". Aliyesikia: Baba. Mimi sikuwepo.

Akaigeuza laptopu ili asome.

Baba alisoma mara mbili, midomo ikienda. "Unaweza kuongeza kitu?"

"Kitu gani?"

"Namna alivyosema."

"Alisemaje? Kwa tabasamu, siyo?"

Baba alifikiri, na safari hii hakuonekana kutunga.

"Hapana. Alikuwa amekasirika. Nilikuwa huko sebuleni naandika, nikasahau dirisha lake wazi, mvua ikawa inaingia mpaka kitandani. Miguu yake yote ilikuwa imeloa. Alisema 'njoo' kama anayemwita mwizi. Nilipofika akanipiga kwa ule mkono wa kushoto."

Kiduchu aliirudisha laptopu upande wake. Kisha akaanza kuandika na hayo: dirisha, mvua, miguu, mkono wa kushoto.